Kadi ya Njano Mlangoni kwa Jeppe

Katika bonde la Mto Sable mtu hakuwa anakufa peke yake. Hayo yalikuja baadaye, na aliyeyaleta alikuwa mtu mwema.

Zama zile mgonjwa akizidiwa, majirani walikuwa wameshaingia ndani kabla hajafumba macho. Wanawake walikuja na mkate mweusi na birika la kahawa, wanaume wakasimama zizini wakizungumza habari za ng'ombe kwa sauti ya chini, na aliyekata roho alioshwa na mikono iliyomjua. Watu wa Denmark, ambao ndio waliokuwa wengi bondeni, walikuwa na lao zaidi. Maiti wao hakutoka nyumbani kimyakimya. Jeneza likiwa bado sebuleni, majirani walilizunguka wakaimba, na waliendelea kuimba mpaka likavuka kizingiti, nje njia ikiwa imetandazwa matawi mabichi ya mierezi. Kumtoa maiti bila kumwimbia kulikuwa sawa na kumtupa. Leo maiti huchukuliwa na gari jeusi, na watu wa mjini wasiojua hata alikuwa anapenda kunywa nini, na jamaa zake huambiwa wasubiri barazani. Wanaiita hiyo maendeleo.

Daktari Orrin Waddell hakuwa Mdenmark. Alizaliwa Ohio, mtoto wa saba wa fundi mapipa, na shule aliiona majira manne tu ya baridi. Udaktari aliupata kama watu wa wakati ule walivyoupata: alikaa miaka mitatu kwa daktari mzee, akasaga dawa, akashika miguu ya watu iliyokuwa ikikatwa, na kila kitabu alichoruhusiwa kukigusa akakisoma mpaka kikaachana na jalada. Vita vya Kaskazini na Kusini vya Marekani vikammalizia masomo. Mwaka 1869 akaja Nebraska na mkewe Lovina, wakiwa na gari la farasi, sanduku la vitabu na jiko la chuma ambalo mlango wake ulipotelea njiani.

Walifika mwezi Novemba, wakati ambao mtu mwenye akili hafiki. Theluji ikawakuta hawana hata shimo la kujificha. Aliyewapokea alikuwa Jeppe Kragelund, kipande cha mtu mwenye ndevu nyekundu, aliyekuwa akiishi na mkewe Maren katika nyumba ya chumba kimoja iliyojengwa kwa mabonge ya udongo wenye majani. Wanne hao walikaa humo miezi mitatu na nusu. Jiko waliliwasha kwa magunzi ya mahindi, na mgeni alipotaka kubadili nguo, wenyeji waligeukia ukutani.

"Daktari gani huyu asiyejua kukamua ng'ombe?" Jeppe alimuuliza siku ya pili.

"Nilisomea watu."

"Basi ng'ombe ni rahisi zaidi. Hadanganyi anapoumwa."

Ilipofika masika walikuwa ndugu. Baadaye bonde zima lilimwita Daktari, hata waliomzidi umri, na Lovina naye akamwita hivyo mbele za watu. Jeppe peke yake aliendelea kumwita Orrin, kwa lafudhi yake, kana kwamba jina lile lilikuwa na herufi r nne.

Miaka kumi Orrin alikuwa akishinda juu ya farasi. Alizalisha, alikata, aling'oa meno, aliunga mifupa. Alilala njiani juu ya tandiko na farasi akamfikisha. Watu walimjua kwa kikohozi chake kabla hajabisha hodi, na alikuwa na haki ya kuingia jikoni kwa mtu yeyote na kufunua chungu. Daktari wa leo akifunua chungu chako utamwita polisi.

Halafu ukaja mwaka 1879. Alikufa binti wa mwalimu, kwa dondakoo, na msiba ukawekwa katika jengo la shule kwa sababu ndilo lililotosha. Jeneza liliachwa wazi. Watoto wa shule walipita mmoja mmoja wakambusu mwenzao kwenye paji la uso, kama ilivyokuwa desturi, na waliokuwa wafupi walinyanyuliwa. Orrin alikuwa na wawili, Alma wa miaka sita na Ezra wa minne. Aliwanyanyua yeye mwenyewe, mmoja baada ya mwingine. Hakujua. Katika vitabu vyake vyote hapakuwa na mstari uliosema ugonjwa ule ungeweza kumsubiri mtu pale.

Baada ya wiki mbili bonde lilikuwa limezika watoto kumi na mmoja, na Alma na Ezra walikuwa miongoni mwao.

Ardhi ilikuwa imeganda kama chuma. Jeppe aliwasha moto juu yake siku mbili mchana kutwa ndipo sururu ikaingia, akachimba kaburi moja la wawili. Nyumba ya Daktari ilijaa watu mpaka ukuta ukatoa jasho. Wakaimba kwa Kidenmark nyimbo ambazo Lovina hakuzielewa neno, na alisema baadaye kwamba hicho ndicho kitu pekee kilichomshika asianguke. Hata hivyo hakukaa. Mwaka uliofuata alikwenda Ohio kumwona dada yake kwa wiki sita, na wiki zile hazikuisha. Kila Krismasi aliandika barua nzuri yenye habari za hali ya hewa.

Orrin akabaki na nyumba ya vyumba vitano. Jumapili alikula kwa akina Kragelund, na Jumatano akapata kisingizio cha kupita kule tena. Walikuwa wamejaliwa mtoto ukubwani, msichana, Kirsten, na Orrin ndiye aliyemleta duniani kwa mikono yake, mtoto akiwa ametanguliza miguu. Mtoto yule alimzoea akawa anampekua mifuko.

Wazo lilimkaa kichwani kama mwiba: kwamba maradhi yale husafiri na msiba. Alisoma alichoweza kukipata, akaandikiana na madaktari wa mashariki, na kadiri alivyosoma ndivyo mikono yake ilivyozidi kumwelemea. Ilipofika 1886 alisema anataka kwenda kwenye seneti ya jimbo. Mpinzani wake alikuwa mwanasheria wa mashamba, mwenye kofia ya hariri. Jeppe alizunguka bonde akimfanyia kampeni kwa namna yake.

"Mpigieni Orrin," aliwaambia watu kwenye kinu cha kusagia ngano. "Ameshatuona sote uchi, na bado anatusalimia. Mnataka nini zaidi kwa mwanasiasa?"

"Na yule wa kofia?"

"Yule hata bila koti hatujamwona. Anaficha nini?"

Orrin alishinda. Akaenda mji mkuu na muswada mmoja tu mfukoni. Nyumba yenye dondakoo itaripotiwa serikalini. Mlangoni itapigiliwa kadi ya njano, na asiingie mtu wala kutoka ila daktari, mpaka daktari mwenyewe aiondoe. Aliyekufa azikwe kabla ya kesho yake jioni, bila mkusanyiko.

Wenzake waliuita muswada wa kunyima watu kilio. Seneta mmoja mnene, mfugaji wa nguruwe, alimuuliza ukumbini, "Mheshimiwa Daktari, na mbwa wa nyumba? Naye asomewe kadi?" Wakacheka. Orrin alingoja wamalize, akasimulia habari za jengo la shule. Hakuficha ni nani aliyemnyanyua nani. Hakucheka mtu tena, lakini muswada ulikaa chini ya miswada ya reli mpaka siku za kikao zikaisha.

Kisheria kikao kilikuwa kifungwe saa sita mchana ya siku ya mwisho. Basi lilifanyika lililokuwa likifanyika kila mara. Ilipotimia saa tano na dakika hamsini na tano, bawabu alichukua fimbo ndefu akasimamisha mshale wa saa ya ukutani, na waheshimiwa wakaendelea kutunga sheria siku tatu nyingine huku saa ikiwaambia kwamba bado saa sita haijafika. Muswada wa Orrin ulipita siku ya tatu, saa tisa alasiri, na ukaandikwa kuwa ulipita siku ile ya mwisho kabla ya saa sita.

Hayo aliyasimulia mezani kwa Jeppe, na Jeppe alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

"Kwa hiyo siku hizo tatu hazikuwepo?"

"Kitabuni hazimo."

"Na mlikula?"

"Tulikula."

"Laiti ningekuwa na bawabu wa namna hiyo wakati wa kuvuna."

Mwaka wa pili wa sheria ile, mwezi Februari, Maren alimwita Orrin mchana amtazame Kirsten koo. Alikuwa na miaka tisa. Orrin alimsogeza dirishani, akambonyeza ulimi kwa mpini wa kijiko, akaona utando wa kijivu. Alikwenda kwenye kigari chake, akarudi na nyundo, misumari miwili na kadi ya njano. Jeppe alimtazama akipigilia.

"Ni hilo?"

"Ni hilo."

"Basi pigilia sawasawa, upepo usiichukue," Jeppe akasema. Mpaka hapo hawakuwa na ugomvi wowote.

Siku nne Orrin hakutoka nyumba ile. Dawa ya kweli ya ugonjwa ule ilikuwa haijapatikana popote. Kulikuwa na mvuke, na kupaka koo, na kukaa. Alikaa. Kirsten alimshika kidole gumba mchana wote wa Alhamisi, na alasiri akakiachia.

Maren alimwosha mwanawe peke yake. Jeppe alitengeneza jeneza kwa mbao za sakafu ya ghalani, kisha akaja kuketi mbele ya Orrin.

"Kesho saa nne asubuhi," alisema. "Nimempigia kelele jirani Bech kutoka uani, amesikia. Wataleta mierezi. Mwalimu ataongoza nyimbo."

"Hawatakuja, Jeppe."

"Kwa nini? Theluji imetulia."

"Unajua kwa nini."

Jeppe alikwangua ulimbo wa mbao viganjani. "Sikatai kadi. Nimekaa ndani ya kadi yako siku nne, sijamkaribia hata ng'ombe wa jirani. Lakini sasa mtoto ameshakufa. Hawatambusu. Jeneza nitalipigilia misumari wakiwa bado njiani. Waimbe tu, hapa, mpaka avuke kizingiti."

"Chumba hiki ndicho alichokohoa siku nne. Wakija watu arobaini, watakuja na watoto."

"Nitawaambia wasije na watoto."

"Hata mwaka ule, kwa wanangu, tuliambiana hivyo."

"Orrin." Alilitamka polepole, na r zake zote. "Sheria yenyewe ni ipi? Si ile ya saa iliyosimamishwa? Ulituchekesha nayo kwenye meza hii hii. Ulisema siku ile haikuwepo. Sheria iliyopitishwa siku isiyokuwepo, ni sheria hiyo?"

Jambo lilikuwa kweli. Mwanasheria yeyote angelipeleka mahakamani.

"Kama sheria haipo," Orrin alisema, "dondakoo lipo."

"Wako walipokufa mimi nilikuja. Nyumba yako ilijaa."

"Najua."

"Niliwasha moto siku mbili."

"Najua, Jeppe. Na kati ya wale waliokuja, akina Lindegaard walirudi nyumbani wakazika mtoto wao wiki iliyofuata. Labda ugonjwa waliuchukua kwangu. Kila nikipita pale kwao nafikiri hivyo."

Maren alikuwa amesimama mlango wa chumbani na kitana mkononi. "Shemeji," alisema, "huyu hakuzoea kuwa peke yake. Unamjua. Hata kulala alikuwa halali bila mtu kuongea pembeni." Halafu akarudi ndani, maana hakuwa anabishana, alikuwa anaeleza tu.

Kilichokuwa kwenye mizani siku ile kilikuwa wazi kwa Orrin kama kilivyo kwa msomaji. Angeweza kunyamaza, na kubaki na mtu mmoja aliyemwita kwa jina lake. Kesho yake saa tatu asubuhi alikuwa amesimama kwenye daraja la magogo, nusu maili kutoka nyumbani kwa Jeppe, kigari chake kikiwa kimeziba njia.

Walikuja na magari kumi na manne, yakiwa yamejaa mierezi mpaka matawi yanaburuta kwenye theluji. Mbele alikuwa mzee Bech, mwenye sauti nzito kuliko wote.

"Daktari, sogeza farasi."

"Rudini nyumbani, Mzee Bech. Kuna kadi mlangoni."

"Hatuji kusoma, tunakuja kuimba."

Orrin alitazama nyuma ya mzee. Katika gari la pili aliona vichwa vitatu vidogo vikichungulia chini ya ngozi ya nyati. Mke wa Bech alikuwa ameshashuka, na kikapu cha mkate mkononi, akipita ukingoni mwa daraja kama mtu anayekwenda moja kwa moja jikoni kwa Maren, na ndiko alikokuwa akienda. Nani angemzuia asimkumbatie mama yule? Orrin alimshika mkono. Miaka ishirini alikuwa hajamshika mwanamke wa bonde lile ila kwa kumtibu.

"Imbeni hapa," alisema. "Upepo unaelekea kule. Watasikia."

Bech aliutazama mto. "Hapa? Tumwimbie nani, mto?" Kisha, bila hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi: "Anaimbiwa aliye ndani, Daktari, atoke akiwa ameagwa. Umekaa nasi miaka yote hii."

Wakaishusha mierezi pale darajani, rundo kubwa, na magari yakageuka moja moja. Ilichukua muda kwa sababu njia ilikuwa nyembamba.

Orrin alikwenda nyumbani kwa Jeppe. Yeye peke yake ndiye aliyeruhusiwa na sheria yake kuvuka mlango ule. Jeneza lilikuwa juu ya viti viwili, na Jeppe amevaa koti lake la kanisani.

"Wako wapi?"

"Nimewarudisha."

Jeppe alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya ngano. Maren hakuwa na nguvu za kubeba, basi Orrin akashika upande wa miguu. Walipofika kizingitini Jeppe alisimama. Alisimama tu, jeneza mikononi, akisubiri, kwa mazoea ya maisha yake yote. Nyumba ilikuwa kimya. Orrin alijaribu. Misiba yote aliyoketi humo bondeni, nyimbo zile zikipita masikioni mwake mwaka hadi mwaka, na hakujifunza maneno ya hata mmoja. Alikuwa na sauti ya wimbo tu, bila maneno, akaanza kuivumisha kooni.

"Nyamaza, Orrin," Jeppe akasema.

Wakavuka.

Hakufa mtoto mwingine bondeni majira yale. Hakuugua hata mmoja. Orrin alipita nyumba baada ya nyumba akitazama makoo, na akayaona yote mekundu na mazima, na hakuna aliyemkaribisha kahawa. Hayakuwa makosa yao. Mtu hawezi kushukuru kwa jeneza ambalo halikutengenezwa. Uchaguzi ulipokuja alishinda tena, kwa kura za miji iliyokuwa kwenye reli, ambako watu walikuwa wameshaanza kupenda sheria kuliko majirani.

Wiki sita baada ya maziko alikwenda kwa Jeppe na salfa ya kufukizia nyumba na koleo la kung'olea misumari. Jeppe alifungua kabla hajabisha, akasimama mlangoni.

"Salfa nipe, nitafukiza mwenyewe," alisema.

"Na kadi niiondoe. Muda umekwisha."

"Iache."

"Jeppe, watu hawataingia kwako."

"Wataingia. Inasema asiingie mtu ila daktari, mpaka aiondoe. Bech hajui kusoma Kiingereza. Lindegaard anajua, lakini hajali." Alichukua mfuko wa salfa. "Wewe unajua, na unajali. Umeiandika mwenyewe, na humu hamna tena mgonjwa wa daktari."

"Unataka nisije?"

"Sijasema hivyo. Mimi ni raia, sitoi amri. Isome."

Akafunga mlango taratibu, kwa sababu Maren alikuwa amelala.

Kadi ikabaki. Orrin alikaa senetini vipindi vitatu, akapitisha sheria ya visima na ya maziwa, na gazeti la mji mkuu likamwita baba wa afya ya jimbo. Jumapili alikula mayai nyumbani kwake, akiwa amesimama karibu na jiko. Barua ya Krismasi kutoka Ohio iliendelea kuja, baadaye ikawa inaandikwa na dada wa Lovina, baadaye haikuja. Maren alipopata kichomi waliita daktari mwingine kutoka kituo cha reli, kijana mwenye cheti ukutani, na Maren akapona.

Alikuwa na wagonjwa ng'ambo ya mto, kwa hiyo njia yake ilipita pale pale. Alisimamisha farasi mbele ya geti. Majira ya kiangazi mlango ulikuwa wazi kutwa, akaona akina Bech wakiingia na kutoka, wanawake na vikapu, watoto wa watu wakimfukuza kuku mpaka ndani, na Jeppe, ndevu zikigeuka kutoka nyekundu kuwa nyeupe, akicheka na mtu ambaye hakuonekana. Jua lilikuwa limeifuta ile njano, na maandishi yakawa hayasomeki hata kwa karibu. Bonde zima lilipita chini ya kadi ile bila kuinua macho. Orrin aliketi kwenye kigari mpaka farasi akachoka kusubiri na kuanza kwenda mwenyewe.